Magari Yaliyovaa Kanga

Shoga zangu, kila anayepita barazani ananiuliza Ulaya kulikuwaje, na mbona tangu nirudi mlango wetu umeegeshwa na redio haisikiki. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nikimpa kichwa yule nikimpa mkia. Nimeandika mara moja, someni, mpeane. Habari za viza na tiketi siziandiki. Zilinichosha zilipokuwa zangu, sembuse kuwachosha nyinyi.

Kisa cha baba mnakijua, ila kuna wageni wa mtaa, basi nakikumbusha. Baba yangu, Fundi Shomari, alikuwa fundi wa bodi za magari Darajani. Miezi michache baada ya Mapinduzi, tajiri mmoja wa Kihindi alimwomba alisindikize gari lake kwa meli mpaka Mombasa. Lilikuwa gari jeupe la Kimarekani, Corvette, ambalo mwili wake si bati bali faiba kama boti. Baba aliondoka nalo asubuhi, hakurudi. Mtaani ikavuma kwamba chombo kimezama na gari na watu wake. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya utoto, na mdogo wangu yuko tumboni.

Mama hakuiamini habari hiyo wala hakuikataa. Hakukaa eda, hakukubali hitima isomwe, na kila aliyekuja kumposa alijibiwa kwamba yeye ni mke wa mtu. Sasa amepita themanini, macho yameingia ukungu, na jibu lake lilikuwa lile lile.

Halafu Rukia, binti wa mdogo wangu, akapiga simu kutoka Wembley, Uingereza. Anafanya kazi ya kuelekeza watu uwanjani kule. Siku hiyo kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani, na yeye alikuwa akizungumza na mama yake kwenye simu karibu na gari jeupe. Mzee wa Kihindi aliyesimama pembeni akamwambia kwa Kiswahili safi, "Binti, gari hii ilikuwa Darajani."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kama gari ipo, chombo hakikuzama," akasema. "Zuhura, nenda ukaniulizie mimi ni nani. Mke, au mjane."

Akanipa kipande cha kanga nyekundu ya mikorosho. Kabla ya Mapinduzi gari lile liligongwa madigadi ya mbele, na kitambaa cha glasi cha kuzibia faiba hakikupatikana kisiwani. Baba alichukua kanga mojawapo ya doti ya mama, akailoweka kwenye gundi, akaziba nayo. Mama alinuna mwezi mzima. Pacha wake ndiyo hiyo aliyonipa, na mimi ni mshoni, nguo haiwezi kunidanganya.

Boti ya Dar es Salaam

Boti ilichelewa kuondoka kwa sababu ya upepo, tukakaa ndani na joto letu. Nilinunua kahawa na kashata, nikapata kiti karibu na dirisha. Kulikuwa na harufu ya gundi ya faiba, ile kali inayoingia puani na kukaa. Nilimuuliza mama aliyekuwa karibu yangu kama anaisikia. Alisema yeye anasikia samaki tu.

Ndiyo harufu aliyorudi nayo baba nyumbani kila jioni. Nilijituliza kwamba boti zenyewe ni za faiba, pengine wameziba mahali. Lakini nilipoteremka Dar, nikapanda teksi, ilikuwa humo pia.

Angani

Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikatusubirisha tulipobadilisha, na mkate wangu wa ufuta ukaliwa wote na familia ya Kikongo iliyokuwa na watoto wengi na adabu nyingi. Ndege ya pili kiti cha jirani yangu kilikuwa kitupu. Nilifurahi, nikaweka mkoba.

Mhudumu alikuwa binti wa Kikenya. Alinipa chakula, kisha akauondoa mkoba wangu taratibu na kuweka sinia jingine pale.

"Cha nani hiki?"

"Cha yule mzee wa kanzu, mama. Ameniomba chai pia. Ameenda msalani?"

"Mimi nimekaa peke yangu tangu tuondoke."

Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akasema samahani, pengine amechanganya safu. Lakini sinia hakurudi kulichukua. Wali ule ulipoa na chai ikafanya utando juu. Mimi sikuvigusa, maana sili chakula cha mtu nisiyemjua. Ndivyo nilivyolelewa.

Wembley

Rukia alinipokea na koti kubwa la mumewe. Anakaa chumba na sebule juu ya duka la vyombo, na njia yote ya treni alinihubiria habari za landlord. Mwanawe wa kike nikimsalimia "Hujambo?" anajibu "I'm fine", na nikimwambia "Njoo ule" anakuja mbio. Basi kumbe anaelewa, ulimi tu umehamia upande wa pili.

Nilimpikia Rukia pweza mkavu niliyekuja naye, jirani wa chini akaja kugonga kuuliza kama kuna mnyama amekufa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nawaeleza hili mjue kwamba sikuwa mtu wa kuogopaogopa.

Ila huko jua huzama alasiri. Unamaliza kuosha vyombo vya chakula cha mchana, ukigeuka dirishani ni giza. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, na ile harufu ikaja tena, hapo hapo jikoni. Rukia aliniuliza nini. Nikasema vitunguu.

Kenton

Yule mzee anaitwa Bwana Kanti. Baba yake mdogo ndiye aliyekuwa tajiri wa gari. Ana duka la vyakula Kenton, na nyuma ya duka gereji ndefu. Alitupokea kwa heshima zote, akaita mtu alete chai. Vilikuja vikombe vinne: cha Bwana Kanti, cha Rukia, changu.

"Na hiki?" nikauliza.

"Cha huyo mzee wenu," alisema mleta chai kwa Kiingereza, akaangalia mlangoni. "Ah. Ametoka."

Rukia aliniangalia. Mimi nilitazama biskuti. Bwana Kanti alikichukua kikombe akakinywa yeye, kwa upole, asituaibishe.

Kisha akafungua gereji. Magari manane yamejipanga, kila moja limefunikwa shuka jeupe. Sina haja ya kuwaambia watu waliofunikwa mashuka meupe kwa safu wanafanana na nini. Nilisoma nilichojua kusoma, nikaingia.

"Hawa wote ni Corvette, ukoo mmoja, dada," akasema Bwana Kanti. "Mmoja wa kila kizazi. Nimewakusanya kwa miaka mingi."

Alikuwa akifunua shuka na kumtambulisha mmoja mmoja, na mimi nilimwacha, kwa sababu mtu akipenda kitu mwache aseme. Wa kwanza ana macho ya duara na meno nje, alizaliwa mlegevu, mbio alijifunza ukubwani. Wa tatu amebanwa kiuno kama chupa ya soda. Wa nne kachorwa kwa rula, na tarakimu zake zinawaka ndani kama saa ya mezani. Wa tano amejaa makalio, naye ndiye wa mwisho kufumba macho. Maana kuanzia wa pili taa za mbele zilikuwa zinafichwa zikizimwa, na wa sita akazaliwa kope wazi.

"Lakini tazama nyuma," akasema. "Taa nne za duara. Mkubwa wao alizipata uzeeni, wakarithi watoto. Wa saba akazipata za pembepembe, wazee wakagomba: huyu si wetu. Halafu wa nane, injini ikatoka mbele ikahamia mgongoni. Wakasema ukoo umekwisha. Haujaisha, dada. Mtoto hubadilika sura, ukimtazama vizuri babu yake yumo."

Nilimwambia naomba nimwone wa pili.

Alikuwa mweupe, pua kali, kioo cha nyuma kimegawanywa na uti wa mgongo. Gari la baba. Nililijua kwa mwili kabla ya akili. Madigadi ilikuwa laini, hakuna alama yoyote. Nilisikia uchungu wa kusafiri bure.

"Subiri," akasema Bwana Kanti. Akavuta taa ya kukaushia rangi, ya joto, akaiwasha karibu na madigadi. "Nimeipaka upya mara tatu. Hukaa vizuri. Ikipata joto, inarudi."

Tulisubiri. Kwanza ulitokea mstari mmoja chini ya rangi, kama mshipa. Kisha mwingine. Kisha ule weupe ukaanza kuinuka nyuzinyuzi, uzi juu, uzi chini, hadi upindo wa nguo ukaonekana wazi, mkubwa kama mtoto aliyelala chini ya shuka. Alipozima taa ulizama taratibu mpaka madigadi ikawa laini tena. Rukia alikuwa amenishika mkono na kucha zimeingia.

Nililala chini na tochi, mtu mzima mimi na koti la watu, nikachungulia ndani ya madigadi. Faiba ilikuwa ya rangi ya chai, na ndani yake mkorosho mwekundu uliofifia. Nikatoa pacha wake mkobani nikaiweka ubavuni. Upindo kwa upindo. Nilimwita mama nikiwa pale chini, kama vile angenisikia.

Bwana Kanti aliniinua. Hakuonekana kushangaa, alionekana kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. "Dada," akasema, "njoo uwaone na wengine."

Akaielekeza taa kwenye ubavu wa tatu, pale kiunoni. Uzi juu, uzi chini. Akamhamishia wa nne, mlangoni. Kisha wa tano. Kila mmoja nguo iliinuka chini ya rangi, ikazama. Niliwachungulia wote kwa ndani. Haikuwa kanga ya mama. Ilikuwa kanga ya manjano ya mananasi, ile ile kwa wote watatu, iliyokatwa vipande na mtu mmoja. Mkato wa mkono wa kushoto. Baba alikuwa wa kushoto.

"Nimewanunua kwa watu mbalimbali," akasema Bwana Kanti. "Sikujua. Nilipogundua nilidhani nimerukwa na akili."

"Wa sita?"

"Hana."

Hapo ndipo jicho moja la wa tatu lilipofunguka. Taa yake ya mbele iliinuka polepole, peke yake, gari limezima, hakuna aliyeligusa, ikabaki inatutazama. Bwana Kanti alisema ni mpira wa hewa unaovuja, magari ya kizazi kile yote yana ugonjwa huo. Nakubali. Ila alilisema huku akirudi nyuma.

Nikahesabu vizazi kama alivyovihesabu yeye. Wa tatu ni wakati nikisoma. Wa nne ni wakati nimeolewa. Wa tano, watoto wangu wakubwa. Miaka yote hiyo mama akiketi dirishani, mtu wake yuko Uingereza anaziba magari. Niliona hasira mpaka kwenye fizi.

"Yalitengenezwa wapi?" nikauliza.

"Yote gereji moja, Barking. Imefungwa. Fundi wao wa faiba walimpa jina la Zanzibar, sikupata kumwona. Lakini mwenzake yupo."

Barking

Treni za Barking siku hiyo zilisimama njiani, tukatolewa tukapanda basi, basi likatuacha mbali. Rukia alikuwa amebadilishana shift na mwenzake ili anisindikize, akawa anatazama saa. Tulifika tumelowa.

Mzee Mapunda ni mtu wa Songea, Mkristo, anakaa juu ya kinyozi. Alipofungua mlango hakunitazama mimi, alimtazama Rukia, akaushika mlango.

"Paji la Shomari hilo," akasema. "Ingieni. Poleni na mvua."

Alitupa ugali na maharage, akakataa kuzungumza mpaka tule. Kisha akasema, "Mama, baba yako ni marehemu. Wakati ule magari yale yalipoanza kuja na taa wazi, alikuwa kitandani. Nilimpeleka mimi na watu wa msikiti. Alizikwa vizuri."

Nilijua, na bado ilinipiga. Rukia akalia, yeye ambaye hakuwahi kumjua. Mimi sikulia, nilikuwa bado na neno langu.

"Kwa nini hakurudi? Kwa nini hata salamu hakuleta?"

Mzee Mapunda alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Alileta," akasema. "Mombasa walimwambia asirudi, jina lake limeandikwa na serikali pamoja na la tajiri. Akapata kazi melini, akafika hapa. Mshahara wake wa kwanza akanunua doti ya kanga kwa Mhindi, akampa baharia anayepita Unguja, ampelekee mkewe. Barua hakuandika. Miaka ile barua zilifunguliwa, aliogopa kuwaponza. Akamwambia baharia, jina langu usilitaje hata kwa ukuta. Mpe tu mkononi. Akiiona atajua."

"Akaijua?"

"Ilirudi, mama. Baharia aliirudisha imekunjwa kama ilivyokwenda. Alisema mwanamke hakuifungua hata. Shomari akasema, basi, amejibu. Kwa mkewe hakutuma tena kitu, na hakuoa mwingine. Kila alipoziba gari aliweka glasi safu mbili, ya mwisho anakata kipande cha kanga ile. Nilimuuliza kwa nini unaharibu nguo. Akaniambia, nguo ya mwanamke haiwezi kukaa bila kuvaliwa."

Akaenda chumbani, akarudi na kilichobaki. Mananasi, upana wa nepi ya mtoto mchanga, kingo zimekauka gundi. Ile harufu ilijaa chumba chote. Rukia naye akaisikia, akaziba pua.

Pale nikaelewa, na hasira yangu yote ikakosa pa kwenda. Mtu asiyejulikana anagonga mlango wa mwanamke ambaye mumewe hayupo, anampa doti ya kanga, anaulizwa imetoka kwa nani, hasemi. Nyinyi wote mnajua mwanamke mwenye heshima yake hufanya nini. Na baba alikuwa mtu wa hapa hapa, alijua pia. Sijui mapenzi yalimsahaulisha vipi.

Kesho yake tulikwenda kaburini, tukamsomea. Kurudi kituoni Rukia akaniambia, "Mamkubwa, is it fair? Bibi mwambie amekufa, basi. Habari ya kanga itamuua." Nikamwambia ana haki. Niliifunga ile kanga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nikaitia chini ya begi. Niliazimia mama asiijue.

Ndani ya ndege kiti cha jirani kilikuwa kitupu tena. Safari hii hakuna aliyeleta sinia la pili. Niliita, nikaliomba mwenyewe, nikaomba na chai.

Nyumbani

Mama alikuwa amekaa kitandani, amejitanda. Nilivua viatu, nikambusu mkono.

"Umekuja na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu, mama."

"Nimesikia watu wawili ngazini." Akageuza uso kwenye begi. "Na kuna kitu kinanuka gundi."

Nilimwambia amekufa. Nilimwambia alipozikwa, nani walimzika, na kwamba hakuoa. Alisema inna lillahi, akanyoosha mkono. "Nipe hicho."

Nilikuwa nimejipanga kusema uongo, lakini mkono wa mama ukishanyooshwa mimi sijapata kuuacha mtupu. Nikafungua mfuko mmoja mmoja. Aliishika, akaileta karibu na jicho lenye nafuu, akapitisha kidole kwenye mchoro.

"Mananasi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nachambua mchele. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini. Baharia mmoja, mwembamba. Nikamuuliza ya nani, akatazama ukuta. Nikamwambia irudishe ilikotoka." Alikuwa anaikunja ile nguo ngumu na haikunjiki. "Nilikuwa mke wa mtu, Zuhura."

Shekhe alikuja jioni kutupa pole. Akaeleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, hata kama mke hana habari, na kwa hiyo ya mama imekwisha miaka mingi iliyopita. Mama alimsikiliza, akamshukuru.

"Hesabu ni zenu," akamwambia. "Mimi mume wangu amekufa leo."

Basi mama amekaa eda, ndiyo maana mlango umeegeshwa. Ile kanga haiwezi kuvaliwa, imekakamaa, lakini ameilaza begani na haivui. Wanawake mkija piteni uani, mpige hodi mjitaje majina.